Sari ya Hariri na Wanawake Wanaoitunza Kama Hati ya Nyumba

Wanafunzi wenzangu, chukueni kitambaa chenye urefu wa mita tano na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Msikikate. Msikishone. Kizungusheni kiunoni, kunjeni marinda mbele, halafu ncha iliyobaki itupeni begani. Mmemaliza, hiyo ndiyo sari. Inamtosha mnene, inamtosha mwembamba, inamtosha mjamzito, na mama aliyeivaa siku ya harusi yake anaweza kumpa binti yake miaka 30 baadaye bila fundi cherehani kugusa hata uzi mmoja.

Wengi wetu sari tumeijua kwenye vibanda umiza, pale mwigizaji wa filamu ya Kihindi anapoimba mlimani huku nguo inapeperuka. Ile mara nyingi ni shifoni, nyepesi, imetoka kiwandani. Makala haya yanahusu nyingine: sari ya hariri iliyofumwa kwa mkono, nzito, ambayo mwanamke wa Kihindi anaweza kuwa nayo chache tu maisha yake yote na kila moja anaijua ilikotoka. Nataka nieleze inatengenezwaje, kwa nini inapendwa vile, na kwa nini sisi tunaosomea ualimu ina jambo la kutuambia. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Viungo vya sari

Ukiijua kanga, nusu ya sari umeshaijua. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Sari nayo ina pindo linalokwenda urefu wote, juu na chini. Ina mwili, ambao kwenye kanga tungeuita mji. Halafu ina pallu, yaani ile ncha ya begani inayoangukia mgongoni. Hapo ndipo mfumaji anapomwaga ufundi wake wote: tausi, tembo, minara ya mahekalu, na lile umbo ambalo kwenye kanga tunaliita korosho. Watamil wao wanaliona embe.

Tofauti kubwa ni hii: kanga huchapwa baada ya kitambaa kuwa tayari (na baadhi ya kanga tunazovaa huku huchapwa huko huko India), lakini kwenye sari ya hariri ya mkono michoro inaingia humo humo wakati nguo inafumwa. Kila tausi ni hesabu ya nyuzi. Ukikosea uzi mmoja, shingo ya tausi inapinda na kila mtu ataiona.

Uvaaji nao sio mmoja. Maharashtra kuna sari ya yadi tisa inayopitishwa katikati ya miguu, mwanamke anaweza kulima nayo. Wagujarati wanaileta pallu mbele, juu ya bega la kulia. Mtindo tunaouona sana leo, wa marinda mbele na blauzi ndani, ulienezwa karne ya 19 na Jnanadanandini Devi, shemeji yake mshairi Rabindranath Tagore. Kwa hiyo hata hiki tunachokiita "vazi la jadi" lina watu waliolibadilisha, na wengine majina yao yanajulikana.

Uzi unatoka mdomoni mwa mdudu

Hariri inatengenezwa na kiwavi wa nondo. Kiwavi huyu kazi yake ni kula majani ya mforosadi, ule mti ambao watoto wakila matunda yake midomo inakuwa zambarau. Anakula mfululizo karibu mwezi mzima, kisha anajizungushia uzi kutoka mdomoni mwake mpaka anajifunika kabisa ndani ya kifukofuko. Uzi wa kifukofuko kimoja ni mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita, wakati mwingine kilomita nzima. Sari moja inahitaji vifukofuko kwa maelfu.

Ili uzi usikatike, vifukofuko vinachemshwa mdudu akiwa bado yumo ndani. Akiachwa atoboe atoke awe nondo, uzi unakuwa vipande vipande. Gandhi mwenyewe hakuipenda hariri kwa sababu hii. Leo wapo wanaotengeneza hariri inayomwacha nondo atoke kwanza, lakini uzi wake hauna mng'ao ule ule na bei yake iko juu.

India ni ya pili duniani kwa kuzalisha hariri, nyuma ya China. Jimbo linaloongoza kwa hariri ya mforosadi ni Karnataka, na mji wa Ramanagara karibu na Bengaluru una soko kubwa ambako wakulima wanaleta vifukofuko kwenye mabeseni na kuviuza kwa mnada. Mbali na hiyo, jimbo la Assam lina hariri yake iitwayo muga, yenye rangi ya dhahabu ya asili isiyohitaji kutiwa rangi.

Kanchipuram: mikono minne, nguo moja

Mji ambao jina lake ukilitaja mama yeyote wa India ya kusini atatabasamu ni Kanchipuram, jimbo la Tamil Nadu, kama kilomita 70 kutoka Chennai. Ni mji wa mahekalu, na michoro mingi ya sari zake imetoka kwenye kuta za mahekalu hayo.

Kazi inaanza na mtande, yaani nyuzi za urefu. Zinatandazwa, zinatiwa maji ya wali ili zikaze, na kuanikwa juani. Ukipita mtaa wa wafumaji asubuhi unaweza kukuta familia nzima imeushika mtande barabarani, inaunyoosha. Baadaye mtande unafungwa kwenye kitanda cha kufumia. Mfumaji anakaa ukingoni mwa shimo, miguu ikiwa ndani ya shimo ikikanyaga vibao vya kupandisha na kushusha nyuzi, na mikono ikipitisha mshindio kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mvua kubwa ikinyesha shimo linajaa maji na kazi inasimama. Siku hiyo hakuna mshahara.

Ufundi unaoipa Kanchipuram jina unaitwa korvai. Pindo na mwili vina rangi tofauti kabisa, tuseme pindo jekundu na mwili wa kijani, na rangi hizo mbili hazitakiwi kuchanganyika hata kidogo. Kwa hiyo mshindio wa pindo na mshindio wa mwili ni nyuzi tofauti, zinakutana na kushikana mpakani, mstari kwa mstari, kwa urefu wa mita zote zile. Mtu mmoja hawezi kwa urahisi. Anahitaji msaidizi wa kukaa upande wa pili na kurudisha mshindio. Shikeni hilo la msaidizi, tutalirudia.

Halafu kuna zari. Neno hili Waswahili tunalo siku nyingi, joho la zari tunalijua. Zari ya asili ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha, kisha ukapakwa dhahabu. Nyingi inatoka mji wa Surat, Gujarat. Sari ya harusi yenye zari nyingi inaweza kufika kilo moja. Ya kawaida inamchukua mfumaji siku kumi hadi ishirini, na yenye michoro mizito inakwenda zaidi ya hapo.

Kanchipuram haiko peke yake. Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini, unafuma sari za zari ambazo mabibi harusi wa Kihindu wanaziota, na wafumaji wake wengi ni Waislamu. Maharashtra kuna Paithani, yenye tausi. Patan, Gujarat, kuna patola: hapo nyuzi za mtande na za mshindio zinafungwa na kutiwa rangi kabla ya kufuma, kiasi kwamba mchoro unajitokeza pale tu nyuzi zinapokutana. Sari moja ya patola inaweza kuchukua miezi sita au zaidi, na familia zinazojua kazi hiyo zinahesabika kwa vidole.

Kwa wale wa kompyuta: michoro mingi hufumwa kwa msaada wa kadi zenye matundu, mfumo wa Jacquard wa Ufaransa tangu mwaka 1804. Tundu likiwepo uzi unapanda, lisipokuwepo unabaki chini. Ni ndiyo na hapana tupu. Charles Babbage alipobuni mashine yake ya kukokotoa alipanga itumie kadi za namna hiyo. Kwa hiyo msituringie sana, binamu yenu ni kitanda cha kufumia.

Kwa nini inatunzwa hivyo

Nilidhani jibu ni uzuri. Uzuri upo, lakini sio wote.

Katika mila ya Kihindu kuna kitu kinaitwa stridhan, mali ya mwanamke. Zawadi anazopewa mwanamke wakati wa ndoa, yaani dhahabu, vyombo na nguo, ni zake. Ardhi na nyumba kwa muda mrefu zilipita kwa wanaume. Ni mwaka 2005 tu sheria ya urithi ya Wahindu ilipobadilishwa mabinti wakapata haki sawa na wana wa kiume kwenye mali ya ukoo. Kabla ya hapo, bibi ambaye hakuwa na hata robo eka kwa jina lake alikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku zipo sari zake. Hizo hakuna wa kumuuliza. Akitaka atamgawia binti, akitaka mkwe, akitaka mjukuu. Ndiyo maana nasema kwake zilikuwa kama hati ya nyumba.

Na sari inabeba mtu aliyeitoa. Wagujarati, ambao wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki asili yao ni huko, wana sari ya harusi iitwayo panetar, nyeupe yenye pindo jekundu. Kwa desturi anayemletea bibi harusi panetar ni mjomba wake, kaka wa mama. Ya pili, gharchola, inatoka kwa familia ya mume. Kwa hiyo katika siku moja anavaa alikotoka na anakokwenda. Mama wa mwanafunzi mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Dar, alinionesha panetar yake. Ameifunga ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, na kila baada ya miezi kadhaa anaifungua na kuikunja upya kwa mistari mingine, maana ikikaa kwenye mkunjo ule ule mwaka mzima zari inakatika. Haoshi kwa sabuni ya unga, hapulizii manukato juu yake, haaniki juani. Nilimuuliza ameivaa mara ngapi. Mara tatu, tangu aolewe.

Wengine wanaweka majani ya mwarobaini yaliyokauka au karafuu kabatini kuzuia wadudu. Kumbe bibi zetu na bibi zao wangeelewana.

Sari nyingine zinabeba jina la mtu. Mwimbaji maarufu wa muziki wa Kikarnataka, M. S. Subbulakshmi, aliyeimba kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1966, alipenda sari ya Kanchipuram ya bluu fulani, na mpaka leo ukienda dukani Chennai unaweza kuomba rangi hiyo kwa jina lake: bluu ya MS. Na mwaka 2015 wanawake wawili wa Bengaluru waliahidiana kuvaa sari mara 100 ndani ya mwaka na kila mara kusimulia kisa cha sari ile. Ahadi ikasambaa mtandaoni, na maelfu ya wanawake wakaanza kufungua makabati: hii ya mama aliyefariki, hii ya mshahara wa kwanza, hii niliyovaa siku niliyopata talaka.

Tusipambe sana, lakini. Nguo hiyo hiyo imetumika pia kumbana mwanamke. Katika jamii nyingi mjane alitakiwa kuvaa nyeupe tupu, na hariri za rangi zikafungiwa sandukuni au kugawiwa angali hai. Na shida ikiingia nyumbani, sari ya zamani yenye zari ya kweli inauzwa kwa wanunuzi wanaoichoma ili kupata fedha iliyomo. Miaka 50 ya kutunza inaishia kwenye mizani.

Sasa tuongelee hela

Bei ya sari ya hariri ya mkono inaanzia rupia elfu kadhaa, na yenye zari halisi inavuka rupia laki moja. (Hata neno "laki" tumelipata kwao.) Rupia moja ni kama shilingi 30 zetu, kwa hiyo tunazungumzia mpaka milioni tatu na zaidi. Utasema basi wafumaji ni matajiri.

Sensa ya wafumaji wa mkono iliyofanywa na serikali ya India mwaka 2019–20 ilihesabu wafumaji na wasaidizi wao zaidi ya milioni 3.5, wa hariri, pamba na nyinginezo kwa pamoja. Zaidi ya asilimia 70 ni wanawake. Na karibu theluthi mbili ya kaya za wafumaji zilikuwa zinapata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi. Fanyeni hesabu: ni shilingi 150,000. Bumu letu la chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, ni 300,000 kwa mwezi, na kila siku tunalalamika hapa halitoshi. Kaya nzima, baba, mama na watoto, inaishi kwa nusu ya bumu la mtu mmoja.

Inakuwaje? Mfumaji wengi hana mtaji. Hariri na zari anapewa na tajiri, anafuma nyumbani kwake, analipwa kwa sari. Tajiri ndiye mwenye duka. Akikopa kwa ajili ya ugonjwa au harusi, anakopa kwa tajiri huyo huyo, na deni linamfunga asihame. Halafu kuna mashine. Kitanda cha umeme kinatoa kwa siku kile ambacho mkono unatoa kwa wiki. Sheria ya India ya mwaka 1985 ilitenga aina fulani za nguo, sari zikiwemo, zifumwe kwa mkono tu, lakini nakala za mashine zimejaa sokoni na nyingi zinauzwa kama za mkono.

Katika Varanasi na kwingineko mwanaume ndiye anayekaa kwenye kitanda cha kufumia na kuitwa mfumaji. Mke na mabinti wanazungusha nyuzi, wanatenganisha, wanamalizia pindo. Malipo ni ya sari, na sari inahesabiwa ya baba. Mvaaji ni mwanamke, nusu ya kazi ni ya mwanamke, jina na hela vinapita kwa mwingine.

Zipo juhudi. Ushirika wa wafumaji wa Tamil Nadu, Co-optex, upo tangu mwaka 1935 na unauza bila kupitia kwa tajiri. Jina la hariri ya Kanchipuram linalindwa na sheria ya viashiria vya kijiografia ya mwaka 1999, na tangu 2015 tarehe 7 Agosti ni siku ya taifa ya ufumaji wa mkono, kukumbuka kampeni ya Swadeshi ya mwaka 1905 ya kususia bidhaa za Waingereza.

Mtoto kwenye kitanda cha kufumia

Sasa turudi kwa yule msaidizi wa korvai, anayekaa upande wa pili kurudisha mshindio. Kwa miaka mingi msaidizi huyo alikuwa mtoto.

Kwa jicho la mwalimu hii ina sura mbili. Ya kwanza inavutia. Hakuna silabasi, hakuna mtihani, mtoto anakaa pembeni ya baba, anaangalia, anashika, anakosea, anafumua, anarudia. Akifika miaka 16 ni fundi. Tunasoma darasani kwamba mtu anajifunza kwa kutenda pamoja na anayejua zaidi, na huu ndio mfano ulio hai.

Sura ya pili inauma. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2003 ilieleza watoto katika sekta ya hariri, Kanchipuram ikiwemo, waliowekwa kazini kulipa mkopo wa wazazi, wengine wakitoa nyuzi kwenye maji ya moto kwa mikono mitupu. Mwaka 2009 India ikapitisha sheria ya elimu ya bure na ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Mwaka 2016 sheria ya ajira ya watoto ikakazwa, lakini ikaacha mlango: mtoto anaruhusiwa kuisaidia familia yake baada ya saa za shule. Wengine wanasema mlango huo unaokoa ufundi. Wengine wanasema unamrudisha mtoto shimoni.

Mimi msimamo wangu ni huu. Ufundi ambao hauwezi kuishi bila mtoto kukosa shule hautakiwi kuokolewa kwa njia hiyo. Lakini pia ni uongo kusema shule ndiyo inayoua ufumaji. Kinachoua ni malipo. Mtoto wa mfumaji akisoma akawa karani, anapata mara tatu ya baba yake, na baba mwenyewe anamwambia asirudi. Lipa vizuri uone kama watakimbia. Maheshwar, jimbo la Madhya Pradesh, kuna shule inayowachukua vijana wanaotoka familia za wafumaji, ambao kufuma tayari wanajua, na kuwafundisha usanifu, biashara, kompyuta na Kiingereza. Hapo mfumaji anajifunza kukadiria bei mwenyewe na kuongea na mnunuzi bila tajiri katikati. Hiyo ndiyo elimu ninayoielewa: haimwondoi mtu kwenye ufundi wake, inamwondoa kwenye deni.

Ukiletewa, ikague

Siku ukiuziwa sari na kuambiwa ni hariri ya mkono, igeuze. Nyuma ya sari ya korvai utaona mpaka wa pindo umeshikana uzi kwa uzi, haukushonwa. Kando ya pindo mara nyingi kuna vitundu vidogo vya kile kijiti kinachonyoosha nguo wakati wa kufuma. Chomoa uzi mmoja uuchome: hariri inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, ya plastiki inayeyuka na kuacha kipande kigumu. India kuna alama ya serikali ya hariri halisi na nyingine ya nguo za mkono, ziulizie.

Halafu uliza swali ambalo wauzaji hawalizoei: aliyeifuma alilipwa shilingi ngapi? Mara nyingi hutapata jibu. Ila muuzaji akishaulizwa na wateja kumi, wa kumi na moja atalikuta jibu limeandaliwa. Wenye mawazo tofauti kuhusu lile la watoto na ufundi, hasa wenzangu wa ualimu, nafasi ya toleo lijalo ipo. Andikeni tubishane.